Kwa Mheshimiwa Dalali, Mshika Funguo za Upanga Yote

Mheshimiwa,

Shikamoo. Najua umri wako ni wa mdogo wangu wa mwisho, lakini mtu mwenye funguo za fleti kumi na nne kwenye mnyororo mmoja hasalimiwi "mambo".

Nakuandikia kwa unyenyekevu kukushukuru kwa wiki tisa ulizonitembeza. Shilingi 20,000 ya kuonyeshwa nilikuwa nailipa kwa moyo mkunjufu, hata siku ile tulipofungua mlango tukawakuta wapangaji wanakula mchana. Walitukaribisha vizuri sana. Na ulipoiita Kariakoo "Upanga ya chini", nilitambua kuwa jiografia niliyofundishwa shuleni ilikuwa na mapengo.

Kuhusu fleti ya ghorofa ya sita, naomba radhi. Ulinieleza kwamba lifti ina matengenezo madogo, na kwamba kuna mteja wa Mwanza anakuja kesho na hela mkononi, hivyo niwahi kuweka mkono. Ningeweka, Mheshimiwa. Iliyoniponza ni lifti. Wewe ulibaki juu unaongea na simu, mimi nikashuka kwa ngazi, na ghorofa ya tatu nikamkuta mama amekaa anapumzika, furushi la mapazia pembeni. Nikamwamkia. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe ndiye yule mteja wa milioni mia na themanini?" Nikamjibu hapana mama, mimi ni yule wa mia mbili na tano. Tulikaa pale kwenye ngazi kitambo, tukikutaja kwa mema.

Usidhani nahoji cha juu. Nani hajui cha juu katika mji huu? Naomba kuelimishwa hesabu tu: asilimia tano kutoka kwangu, asilimia tano kutoka kwa mama, na milioni 25 katikati. Mama alijua wewe ni mtu wake. Mimi nilijua wewe ni mtu wangu. Kumbe tulikuwa wake wenza na hatujuani.

Sasa hati. Nilipoiomba ulinionyesha picha kwenye simu, ukaikuza kwa vidole mpaka nikauona muhuri. Muhuri mzuri. Kwa ushamba wangu nikaenda kwa Msajili wa Hati kufanya upekuzi, nikaambiwa hati ile ni ya kiwanja kizima, ina jina la aliyejenga ghorofa, na iko rehani benki. Fleti haina hati yake. Tangu 2008 tuna sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, ambayo kwayo kila fleti yaweza kuwa na hati yake, na mwenye hati akawa na fungu katika vya pamoja: ngazi, paa, njia, na lifti pia, ikijaliwa kutembea. Mimi nilikuwa nauziwa hewa ya ghorofa ya sita. Mama naye, maskini, alikuwa na mkataba wa mauziano tu, aliouletewa miaka hiyo na dalali mwenye hadhi kama yako.

Nilipokupigia ulinijibu kwa upole: "Sista, hati ni karatasi. Funguo si hizi hapa?"

Nasikia majirani zetu Kenya walitunga sheria ya mawakala wa nyumba mwaka 1984, na wakala hutakiwa kusajiliwa kwanza ndipo afanye kazi. Nakusihi usihamie huko, wasingekuthamini.

Nina ombi moja dogo. Mteja wa Mwanza akifika, kama kweli yupo, mshushe kwa ngazi taratibu. Mama bado hajamaliza kuhamisha mapazia.

Najua muda wako ni mali. Ndani ya bahasha nimeweka shilingi 20,000 ya kuonyeshwa barua hii.

Wako mtiifu,
Mteja wa Mia Mbili na Tano