Anti wa Katoro: Duarani Hakuna Meza Kuu

Pamba inauzwa, pesa iko mikononi, na barua zote za mwezi huu ni za harusi. Karibu kila mwandishi anataka harusi isiyofanana na ya mtu mwingine, na wengi wananiambia kamati imewakatalia. Haya, Anti amevaa miwani.

*Shikamoo Anti. Mimi ni nyani, mchimbaji wa dhahabu, huu ni mwaka wa sita nashuka duarani, shimoni, hapa Nyarugusu. Mchumba wangu anawapikia wachimbaji palepale juu. Tulijuana kwa deni la maharage. Tunataka kufungia ndoa chini, kwa mwanga wa tochi za kichwani. Badala ya kukata keki, tuchome dhahabu mbele ya wageni, ikishatoka iwe pete. Kamati inasema tumerogwa.* — Nyani Mwenye Mchumba

Marahaba, mwanangu. Hamjarogwa, ila mchungaji mmeshamuuliza? Atashuka kwa kamba, joho limekunjwa mapajani, Biblia kwapani? Na mama mkwe je, naye mtamteremsha kwa zamu kama mfuko wa mawe? Wewe ni mtu wa kazi hiyo, unajua matimba yamewekwa yashike mwamba, hayakupimwa kwa vigelegele. Novemba 2015 watu watano waliopolewa mgodini Nyangalata kule Kahama wakiwa hai baada ya kufukiwa siku 41. Chakula chao kilikuwa mizizi, mende na vyura. Sitaki wageni wako waionje menyu hiyo kwa sababu mpiga picha aliomba wasogee kidogo.

Hilo la kuchoma ndilo limenikosesha usingizi. Mnachochoma pale si dhahabu tupu, imeshikana na zebaki, na moto ukiwaka ni zebaki inayopaa. Mvuke wake unaingia mapafuni, unakwenda hadi kwenye neva, na mjamzito akiuvuta unamfikia mtoto tumboni. Hebu niambie, harusi ya Nyarugusu wajawazito wangapi watakuwa wamekaa mstari wa mbele?

Dhahabu yako ipeleke soko la madini la Geita, lile lililofunguliwa Machi 2019. Ipimwe, upate stakabadhi, mambo yawe na karatasi, kisha ndipo utafute sonara. Atakuambia dhahabu safi ni laini, mke akisugua sufuria pete inapinda. Karati 18 inatosha: robo tatu dhahabu, robo madini mengine. Usimbishie, wewe kazi yako ni mawe.

Halafu fungeni ndoa juu, karibu na karasha la kusaga mawe likiwa limezimwa. Wageni wote wavae tochi za kichwani, jua likizama ziwashwe kwa pamoja. Keki iwe sufuria la bibi harusi la maharage, na lile deni lako ulilipe hapo hapo mbele ya mashahidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inadai mtoe taarifa siku 21 kabla, na mashahidi wasipungue wawili. Kuhusu keki haisemi kitu.

*Mwangaluka Anti. Ukoo wa mchumba wangu ni Bagalu wa Kishapu, sisi ni Bagika wa Nyang'hwale. Tunataka ngoma zote mbili zishindane siku ya harusi. Kamati imeshalipa ukumbi, MC na DJ kutoka Mwanza, na inatuita washamba.* — Bwana Harusi wa Bagika

Mwangaluka, baba. Washamba! Viti vilivyovishwa satini na kufungwa utepe mgongoni vimekuja Usukumani juzi tu. Bagika na Bagalu, vyama vyetu vya ngoma, walikuwa wanajaza viwanja kabla MC wa kwanza hajashika kipaza sauti. Wazee wanasimulia kwamba waganga wawili, Ngika na Gumha, walibishana dawa ya nani ina nguvu, wakaamua ngoma ndiyo iseme. Hadi leo viwanja viwili vinatazamana, ngoma zinapigwa kwa wakati mmoja, na hakimu ni miguu ya watazamaji: penye umati mkubwa ndipo penye ushindi. Ndiyo maana kila kiongozi anahangaika kuleta kitu ambacho mwenzake hana. Huyu anarusha jembe hewani na kulidaka, yule anatoa chatu kwenye sanduku. Anayedhani natia chumvi aende Bujora, Kisesa, mwezi wa Juni wakati wa tamasha la Bulabo, akaone watu wanavyokimbia kutoka upande huu kwenda ule wakiwa wameshika watoto na kandambili.

Sasa tupige hesabu, maana wazo zuri nalo lina gharama zake. Chatu akitokea upande wa Bagalu, meza kuu yote itahamia huko. Bagika wakijibu, itarudi. Shemeji aliyebaki kulinda zawadi atabaki peke yake na zawadi, jambo ambalo kamati haitalipenda. Umati ukielemea upande wa mke, wajomba zako watasema ndoa imeanza kichwa chini. Ukielemea kwenu, wakwe watakumbuka kwamba wale ng'ombe wa mahari hawakufika wote. Na ngoma haina kadi ya single wala double. Vijiji vitatu vitakuja, hamna wa kuwazuia mlangoni kwa kuwa uwanja hauna mlango.

Kwa hiyo gawa siku. Jumamosi iwe ya kamati: kanisa, ukumbi, pilau, satini yao. Jumapili iwe yenu, uwanjani nyumbani kwenu, watu wale michembe na matobolwa, wanywe togwa, anayetaka nyama aje na ya kwake. Mwenye chatu aonyeshwe mapema mahali alipoketi mama mkwe, ili apite mbali. Waganga wa pande zote mbili wasipewe kipaza sauti. Matokeo yasitangazwe kabisa. Kila ukoo urudi nyumbani ukijua umeshinda. MC naye mwache ahudhurie kama mgeni. Itamfaa kuona watu wanavyochangamshwa bila kuambiwa "makofi tafadhali".

*Anti, mchumba wangu amesikia habari za almasi ya waridi ya Mwadui. Anasema bila kitu kama hicho, ndoa yetu ni ya kawaida mno.* — Kapera wa Maganzo

Mwambie habari yote. Jiwe lile lilipatikana mwaka 1947, karati 54.5 kabla ya kuchongwa, na Williamson mwenye mgodi akamzawadia Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, aliyekuwa anaolewa Novemba mwaka huohuo. Likachongwa likabaki karati 23 na ushee, likawa kipambo cha kifuani. Williamson mwenyewe, mwenye almasi zote hizo, alifariki mwaka 1958 akiwa hajaoa. Mchumba wako achague anataka mume au anataka jiwe.

*Anti, mimi ni mwenyekiti wa kamati. Watoto hawa wanataka kwenda kanisani kwa baiskeli, na sisi tumeshakodi Prado. Waambie.* — Mwenyekiti, Shinyanga mjini

Mzee wangu, kwa mji ambao daladala yake ni baiskeli, Prado ndiyo inayoshangaza. Waacheni waendeshe. Shela lifungwe juu ya magoti, kwani mnyororo haujui thamani ya kitambaa, na matarumbeta yafuate nyuma kwa pikapu, polepole, yasiwavumbishe maharusi. Prado mpande wewe na mweka hazina. Njiani umwombe akusomee salio la michango kwa sauti, hadi senti ya mwisho.

Barua za mwezi ujao nitumieni kabla kadi hazijachapishwa. Wale wanaoambatanisha swali na ombi la mchango, nitawajibu swali.