Sifa za Kadi ya Grafiki katika Kasha Dogo

Kadi ya grafiki ni kibao cha saketi kinachopachikwa ndani ya kompyuta ili kifanye kazi ambayo kompyuta hiyo tayari inaifanya, yaani kutuma picha kwenye skrini. Ni vifaa vichache vyenye unyenyekevu wa kuanza maisha vikiwa vya ziada. Kichakataji cha kompyuta nyingi za ofisini huwa na sehemu yake ya grafiki tangu kiwandani, nayo hutosha kwa barua, hesabu za duka na filamu ya jioni. Kadi huingia hapo kama mgeni, na sifa zake zote ni za mgeni. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyu, kabla ya kupona, hupimwa, hukatwa mabati, hupunguziwa umeme na kufumbwa jicho lake la zamani.

Mwenyeji wa Kisumu, mji wa kando ya ziwa, anajulikana. Ni kasha jembamba la Dell OptiPlex 7010 au HP Compaq Elite 8300, lililozeekea ofisini ng'ambo kabla ya kuuzwa Kenya kwa jina la "ex-UK", hata kama lilitoka Uholanzi. Mitaani kasha zima huitwa "CPU", jina ambalo vitabuni ni la kichakataji peke yake. Kadi haijawahi kulalamika juu ya kosa hilo, kwa kuwa yenyewe huitwa "grafiksi", kwa wingi, ingawa ni moja. Kasha lilibuniwa kwa ajili ya karani: pawa saplai ya wati 240, feni moja au mbili za kunong'ona, na nyuma mlango wa VGA na wa DisplayPort. Mlango wa HDMI, ambao ndio televisheni za mitaa ya Kondele na Nyalenda zinaufahamu, haumo. Mara nyingi safari nzima huanzia kwenye tundu hilo lisilokuwapo.

Fadhila ya kwanza ya kadi ni kurudisha heshima ya rula. Bati la nyuma la kadi ya kawaida lina urefu wa sentimita 12 hivi, na kasha jembamba hupokea la sentimita 8 tu. Inayohitajika ni kadi ya nusu kimo, na waliosema heri nusu shari kuliko shari kamili walikuwa karibu sana na jambo lenyewe. Kadi mpya ya aina hiyo huja na mabati mawili, refu na fupi. Ya mkono wa pili huja na refu, kwa sababu fupi lilibaki ndani ya boksi la mwenye kadi wa kwanza. Hapo kadi huleta ajira. Katika soko la Kibuye, mafundi wa jua kali hugonga masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, na fundi wa namna hiyo hukata bati na kulikunja upya bila kuuliza ni la nini. Unene nao una somo lake. Katika baadhi ya makasha sloti pana, ndiyo makao ya kadi, imekaa kando ya pawa saplai, na kadi ya unene wa sloti mbili, hata ikilazimishwa kuingia, hubaki feni yake ikipumulia ukuta wa chuma.

Baada ya rula huja hesabu, na hapa kadi haina mpinzani kama mwalimu. Kwa kanuni ya PCI Express, sloti pana huruhusiwa kutoa hadi wati 75, ingawa waundaji wa makasha madogo wakati mwingine huruhusu pungufu. Kadi ya GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 huzitaka zote 75. GT 1030 ya mwaka 2017 huridhika na 30. Kichakataji cha Core i5-3470, kinachopatikana katika makasha mengi ya umri huo, kimepangiwa 77. Bado diski, kumbukumbu na feni hazijala. Nvidia yenyewe, kampuni iliyozibuni, hupendekeza pawa saplai ya wati 300 kwa kadi zote mbili; kasha lina 240, na wati 60 zinazopungua hujazwa kwa imani. Kubadili pawa saplai si rahisi, kwani umbo lake ni la mwenyewe aliyeliunda, na katika OptiPlex 3020 plagi inayoingia kwenye ubao mama ina pini 8 badala ya 24 zilizozoeleka. Wapo mafundi wanaoweka pawa saplai kubwa nje ya kasha na kupitisha nyaya upenuni, mpangilio unaokumbusha jiko dogo lenye mtungi mkubwa wa gesi.

Upachikaji wenyewe ni mfupi mno kwa mtu aliyesumbuka hivyo. Kompyuta huzimwa, waya wa umeme huchomolewa, kitufe cha kuwashia hubonyezwa ili umeme uliobaki uishe, na mkono hugusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kadi. Umeme tuli ni adui wa saketi, na hapa hewa yenye unyevu wa ziwa humsaidia fundi pasipo malipo. Kibati kinachoziba tundu la nyuma hutolewa, na huwekwa mahali ambapo hakitaonekana tena. Kadi husukumwa hadi kishikio cha sloti kilie, skrubu hukazwa, kompyuta huwashwa.

Skrini hubaki nyeusi. Kadi iliyoletwa kuboresha picha huanza kwa kuiondoa, na ni katika giza hilo mwenye kompyuta huijua nyumba yake. Huenda waya wa skrini umeachwa kwenye mlango wa zamani, ambao mashine nyingi huuzima pindi mgeni anapoingia. Huenda skrini ni ya VGA, ilhali kadi za kizazi cha 1030 na 1050 Ti hazitoi kabisa mawimbi ya VGA, na adapta ya bei nafuu isiyo na saketi ya kuyageuza haina la kufanya. Huenda BIOS, programu inayoiamsha mashine, ni ya zamani kuliko kadi na hazisikilizani. Mtu aliyetumia kasha lake miaka sita bila kujua idadi ya milango yake hujifunza yote alasiri moja, kwa tochi ya simu.

Katika majina, kadi inastahili ngoma yake. Wajaluo wana desturi ya pakruok: nyatiti ikilia, mtu hutoa pesa, mpigaji hunyamazisha nyuzi, na mtoaji hujimwagia sifa kadiri pumzi itakavyomfikisha. Kadi imeiboresha desturi hiyo, kwani pesa hutolewa na mnunuzi lakini majigambo ni ya kadi. Mwaka 1999 Nvidia iliitangaza GeForce 256 kuwa GPU, yaani kichakataji cha grafiki, ya kwanza duniani, na tangu hapo boksi halijanyamaza. Jina moja la GT 1030 hubebwa na kadi mbili. Ya awali, yenye kumbukumbu ya GDDR5, hupitisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Nyingine, iliyotolewa mwaka 2018 na kumbukumbu ya DDR4, hupitisha chini ya 17. Zipo pia kadi kuukuu za familia ya GTS 450 zilizoandikwa upya ndani yake zijitambulishe kama 1050 Ti. Tangu 2018 programu ya GPU-Z huweza kuzifichua, kama mnunuzi atakumbuka kuiendesha kabla muuzaji hajapanda matatu.

Wanaoitafuta kadi kwa bidii ni wapiga picha za video. Kando ya ziwa mazishi ni shughuli kubwa, na jamaa walio Nairobi au Marekani husubiri kuona nani alihutubia na nani alilia. Saa nyingi za video lazima zikatwe na kusindikwa upya, na kompyuta ndogo huhema. Kwa hiyo hununuliwa GT 1030, ambayo ina saketi ya kusoma video lakini haina ile ya kuisindika. Saketi ya kusindika ilikuwamo katika kichakataji cha Intel muda wote, kwa jina la Quick Sync, hadi kadi ilipoingia na sehemu hiyo ikazimwa. Uungwana wa namna hii ni adimu: mgeni humpumzisha mwenyeji kazi asiyoiweza yeye mwenyewe. Anayejua huingia kwenye BIOS na kuiwasha tena. Asiyejua huongeza bando, kwa kuwa draiva peke yake huzidi megabaiti 500, akitumaini kwamba draiva mpya itakuza kiungo.

Kadi pia ni rafiki wa viumbe. Joto la mchana la Kisumu huelea karibu na nyuzi 30, na kasha lililobuniwa kwa ofisi yenye baridi huanza kuvuma kama boti ya kwenda Mbita. Feni ya ziada huvuta vumbi, na usiku huvuta wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi juu ya maji na kufuata taa za nyumba. Wakishanaswa kwenye mapezi ya alumini hugeuka blanketi, joto hupanda, na kadi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Hapo mwendo wake huweza kushuka karibu na ule wa kabla ya kununuliwa, ila sasa una sauti. Ngurumo za Ghuba ya Winam hukamilisha mafunzo: mwenye kadi hununua kilinda umeme, kitu ambacho kasha tupu halikuwahi kumshawishi akinunue.

Mwishowe mgeni huondoka. Siku ya tatu mgeni hupewa jembe. Kadi haipewi jembe, huuzwa. Januari ya karo ikifika, hutolewa na kutangazwa kwenye makundi ya WhatsApp, na bei yake si haba. Wachimbaji wa sarafu za kidijitali walipozigombania kadi mwaka 2021, hata kuukuu zilipanda thamani, na wapo waliouza kwa bei kubwa kuliko waliyonunulia. Skrubu hulegezwa, waya wa VGA hurudi kwenye mlango wake, na picha hutokea mara moja, ya rangi zilezile. Nyuma ya kasha hubaki tundu refu jembamba, maana kibati chake hakipatikani, na usiku huohuo wadudu wa ziwani huingia kupitia hapo.