Rubani Mwanagenzi wa Soni

*Bwana Mshauri, mimi ni mfanyabiashara wa mboga hapa Soni. Nimeanza masomo ya urubani, na dalali mmoja amenionyesha Cessna 172 kuukuu, ambayo aapa kuwa ni ya bei ya kutupwa. Je, niinunue sasa, nijifunzie humo, kisha nipelekee viazi Dar es Salaam? — Mwenye Hamu.*

Ndugu Mwenye Hamu, baada ya salamu na dua za afya, nakupongeza kwa himma yako, kwani si kila aliyezaliwa katika milima ya Usambara, akazoea kuyatazama mawingu kwa chini pale Irente, hupata shauku ya kuingia ndani yake. Lakini huyo dalali, ambaye yamkini ndiye aliyemuuzia jirani yako lile Fuso lisiloweza kupanda kutoka Mombo, amekutajia mahari akakuficha gharama za nyumba: eropleni hukaguliwa kila saa 100 za kuruka, injini yake hufunguliwa yote ikikaribia saa 2,000, bima yadai chake, banda ladai chake, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga haitakuandikia alama ya 5H kwa sababu tu umevaa miwani myeusi.

Ama viazi, hesabu yake yahuzunisha. Mkiketi wewe na mwalimu wako, na matangi yakijazwa, hubaki nafasi ya kama gunia moja, tena lisilo na lumbesa. Na hilo lenyewe huna ruhusa ya kulichukua kwa ujira, kwa kuwa mwanagenzi haruhusiwi abiria wala biashara. Fauka ya hayo, Lushoto imekaa kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, ambako hewa ni nyepesi, injini ya namna hiyo imekwisha kupoteza zaidi ya sehemu moja katika kumi ya nguvu zake, na bawa nalo lataka mbio ndefu zaidi kabla halijakubali kuinuka. Nawe wataka kiwanja kirefu, tena tambarare, katika milima ambayo hata shamba la kabichi limelala ubavu!

Usidhani nawachukia wanunuzi. Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt na mwanawe Michael walijifunza urubani, wakanunua Dornier Do 27, wakaipaka milia ya punda milia, wakaja nayo hadi Serengeti kuwahesabu wanyama. Wao waliijua kazi kwanza, ndipo wakachagua chombo kiwezacho kuruka na kutua mahali pafupi. Na juu ya hayo yote, tarehe 10 Januari 1959 tumbusi aliligonga bawa, Michael akafariki akiwa na umri wa miaka 24.

Basi kodi ndege ya chuo kwa saa, upate leseni, ujaribu aina mbili tatu. Kisha umtafute fundi asiye rafiki wa dalali, akisome kitabu cha injini kabla hujatoa hata shilingi.

*Bwana Mshauri, tangu mume wangu aanze masomo yake hana mazungumzo ila ya upepo, na juzi nimemwona akilipima shamba letu kwa hatua. Nifanyeje? — Mke wa Mwenye Hamu.*

Dada yangu, mtu apimaye shamba kwa hatua ama atafuta kiwanja ama atafuta mnunuzi. Mwache azungumze upepo, hauna gharama. Lakini hati ya shamba ipeleke leo hii kwa mama mkwe wako kule Bumbuli, umwambie kwamba unamwekea mwanawe amana.