Namna ya Kumwamsha Mkalimani Mbele za Watu

Umekuja Braamfontein, Johannesburg, kusoma, kompyuta mpakato unayo, jina huna. Usihangaike. Jina hupatikana kwenye dirisha jeusi. Tafuta mkahawa Mtaa wa Juta na uwape watu mgongo ili skrini waione vizuri. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha kwenye kisanduku kitakachofunguka andika cmd. Hapo umemwita mkalimani wa amri: wewe unaandika, yeye anaiambia kompyuta. Yumo ndani ya Windows NT tangu 1993, na hadi leo hajapewa barua ya kustaafu.

Ila cmd tupu huandikwa na washamba. Mwanzo wa ngoma ni lele, na lele ya mkalimani ni swichi: herufi inayotanguliwa na mkwaju, yaani /, unayompa kabla hajafumbua macho. Fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Pendeza. Andika cmd /t:0a. Sifuri ni weusi wa ukuta, a ni kijani cha maandishi. Kijani hicho hakiongezi kasi hata chembe, lakini jirani yako ametazama filamu nyingi za wadukuzi na ataanza kuifunika simu yake.

Hatua ya 2: Amua kama mkalimani abaki au aondoke. Swichi ya /c humfanya atekeleze amri moja na kupotea. Ni abiria wa teksi za Johannesburg: anashuka baada ya robot, kama wenyeji wanavyoziita taa za barabarani, na teksi haimsubiri. Ukiandika cmd /c dir kwenye kile kisanduku cha R, orodha ya mafaili itamulika kama radi na kutoweka kabla hujasoma jina moja. Wewe tikisa kichwa taratibu, kana kwamba umeisoma yote.

Ukitaka kuisoma kweli, tumia /k. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wa /k hupewa jembe siku ya kwanza, akalima, na bado asiondoke.

Angalizo: swichi nyingine zote zitangulie /c au /k. Kinachofuata baada ya hapo huhesabiwa kuwa ni amri yenyewe. Ukiandika cmd /k dir /d, ile /d haimfikii mkalimani. Dir anaidaka na kukupangia majina ya mafaili kwa safu. Ni sawa na kutaja masharti ya ndoa wakati wageni wanakula pilau.

Hatua ya 3: Mnyamazishe. Andika cmd /q. Mkalimani ataacha kurudiarudia maneno, na hata ile alama ya kukukaribisha uandike haitaonekana. Kitabaki kidude kinachopepesa gizani. Mtanzania mwenzako wa meza ya pili atashindwa kuvumilia.

"Kaka, mashine imeganda?"

"Haijaganda, mdogo wangu. Inawaza."

Hatua ya 4: Mtenge na wapambe. Hii ndiyo swichi yenye faida kubwa, kwa hiyo wapenda sifa huiruka. Ndani ya rejista ya Windows, chini ya Command Processor, pana nafasi iitwayo AutoRun. Amri yoyote iliyowekwa pale hutekelezwa kila mkalimani anapoamka, kabla ya neno lako la kwanza. Programu uliyosakinisha huweza kuiweka, virusi pia. Mtu akiweka pale neno moja tu, exit, kila dirisha utakalofungua litajifunga hapo hapo, na utaapa kompyuta imerogwa. Kabla ya kwenda kwa mganga, andika cmd /d. Ataamka bila kusikiliza wapambe, nawe utapata nafasi ya kwenda kuufuta uchawi.

Hatua ya 5: Tatanisha. Ongeza /v:on. Sasa jina la kigeu likizungushiwa alama za mshangao, !hivi!, thamani yake itasomwa pale amri inapotekelezwa, si mapema. Mtu akikuuliza faida yake, mwambie ni mambo ya ndani.

Hatua ya 6: Ondoka kwa heshima. Kama ulikuwa unaita cmd ndani ya cmd, mkalimani juu ya mkalimani, exit moja haitoshi. Kila mmoja anadai kwaheri yake. Hesabu vizuri, au funika kompyuta uelekee Daraja la Nelson Mandela ukiwa na uso wa mtu aliyemaliza kazi.

Hatua ya mwisho: ifanye chumbani, mlango umefungwa. Kwenye mtaa huo huo wa Juta kipo Tshimologong, kituo cha ubunifu wa kidijitali cha Chuo Kikuu cha Witwatersrand kilichofunguliwa 2016. Jina hilo ni la Kitswana: mahali pa mianzo mipya. Nilipita mbele yake muhula mzima nikiwa na dirisha langu la kijani, bila kuujua mwanzo wenyewe. Mwanzo wenyewe ni cmd /?. Swichi zote nilizokutajia zimo humo, moja baada ya nyingine, na mkalimani huzieleza bure bila kumcheka mtu. Kuuliza si ujinga. Ila usiulize mkahawani: wakiiona alama ile, watajua sote tulisoma palepale.