Dakika 50 za Shangazi

Kutoka Kisumu hadi Nairobi, ndege ikinyoosha, ni kama kilomita 280. Kwa barabara, kupitia Kericho na Nakuru, zinakaribia 350 na zinakula siku. Ndege yenyewe haizidi dakika 50. Hesabu hizo ndizo binamu yangu wa Rongai alizomsomea mamake, shangazi yangu, kwa simu alipomkatia tiketi. Za kutoka uwanjani hadi Rongai hakuzisoma, na simlaumu. Nani angesafiri?

Sisi watu wa Kisian uwanja wa ndege ni jirani, barabara hiihii ya Busia. Hata hivyo shangazi aliamka saa kumi alfajiri kwa ndege ya saa mbili, maana basi lilishawahi kumwacha steji, na kwake chombo ni chombo. Tulifika walinzi wakiwa bado wanapiga miayo. Kwenye ukaguzi akaambiwa avue viatu.

"Nyathina," akaninong'oneza, "tunaingia msikitini?"

Kisha mkoba wake ukapita mtamboni. Ngege, samaki wa kukausha, wakajitokeza kwenye skrini wamelala mmoja mmoja kwa adabu, na foleni nzima ikajua shangazi anaenda kumwona mtoto.

Angani mambo yalikwenda mbio mno. Chai imemiminwa, shangazi amefumba macho kuiombea, amefumbua, tunaambiwa tufunge mikanda, tunashuka. Alikasirika kweli. Kwa nauli ndogo kuliko ile basi humpa Kericho, mahindi ya kuchoma Nakuru, na jirani wa kiti anayemsimulia kesi yake ya shamba tangu mwanzo hadi rufaa. Hapa kalipa pesa nyingi na hata jina la aliyekaa naye hakulipata.

Saa tatu tulikuwa tumetua. Saa sita tulikuwa bado kwenye msongamano wa magari, ngege wakinukia taratibu, dereva akifungua madirisha yote bila kusema neno. Shangazi akafanya hesabu yake mwenyewe: kwa saa, Rongai iko mbali na uwanja wa Nairobi kuliko Kisian. Nimejaribu kumpinga mpaka leo, nimeshindwa.

Sasa kuna harusi Entebbe. Ramani inaonyesha Entebbe iko magharibi yetu, ng'ambo ya ziwa, takriban kilomita 250, karibu kuliko Nairobi. Mwaka 1937 ndege za maji za Imperial Airways zilikuwa zikiruka kutoka Port Bell, upande uleule wa Entebbe, na kutua ziwani hapa Kisumu zikiendelea Mombasa hadi Durban. Leo uwanja wetu unaitwa wa kimataifa, na msafiri wa Entebbe kwa kawaida huanza kwa kuipa Entebbe mgongo: kwanza Nairobi, angoje, ndipo arudishwe magharibi. Ukichora mstari wa Nairobi hadi Entebbe, unapita Homa Bay, alikozaliwa shangazi.

Nilimweleza hayo kwa uangalifu, kwa kuwa binamu ameshataja tena tiketi. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Yaani nipite juu ya boma la babu yako bila kusalimia? Basi la Kampala linapita hapa Kisian. Niwekee kiti cha dirishani."