Mhadhara wa Mwendokasi wa Risasi, Uliotolewa Kilabuni Old Moshi

Waheshimiwa wanywaji, wazee wangu wa mgombani, na wewe Mangi uliyekalia kreti langu la utafiti: simama, tuanze.

Mimi ndimi mtaalamu pekee wa mwendokasi wa risasi kuanzia stendi ya Moshi hadi geti la Marangu. Cheo hiki sikupewa na mtu. Ningesubiri kupewa, hadi leo msingekuwa na mtaalamu.

Risasi ikitoka mtutuni kwa mita 800 kwa sekunde, nawe umeamini ni 810, kwenye shabaha ya mita 1,000 itatua chini ya ulipokusudia, shubiri nzima hivi. Kwa shubiri hiyo swala anarudi kwa watoto wake.

Wapo wanaopima kwa sikio. Ujinga! Sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde. Risasi ya bunduki ya kisasa huiacha mbali. Ukisikia mlio, jibu limeshakupita. Mzee wangu, unayesema babu yako alisikia mlio ndipo akainama: babu yako aliokolewa na mpigaji mbovu.

Tena mwendo si mmoja. Vita vilipoanza mwaka 1914, kombania nyingi za askari wa Mjerumani huku kwetu zilibeba bunduki za Mauser za 1871. Risasi yake ilikwenda kama nusu tu ya mwendo wa Mauser ya 1898, na baruti yake ilitoa moshi mzito uliomwonyesha adui pa kulenga. Moshi wenyewe, si Moshi yetu.

Njia ya heshima ya kupima mwendo ni ya Mwingereza Benjamin Robins, aliyeichapisha mwaka 1742, zaidi ya miaka mia kabla mmisionari Rebmann hajaiona theluji ya Kibo na kubishiwa huko Ulaya. (Mimi nabishiwa papa hapa, na watu wenye mbege mkononi.) Ning'iniza gogo, lipige risasi, tazama limepanda kiasi gani. Gogo la kilo 8 likipokea risasi ya gramu 10 yenye mita 800 kwa sekunde, husukumwa kwa mita 1 kwa sekunde na kupanda sentimita 5. Pima kimo, piga hesabu kinyumenyume, mwendo umeupata.

Nilianza na mkungu wa mshare. Mbuzi wakaupunguza uzito usiku. Isitoshe ndizi ni laini: risasi ingetokea upande wa pili, ikaondoka na sehemu ya hesabu. Nikahamia gogo la mgrevilea.

Wenye fedha wana kronografu, yenye macho mawili: kivuli cha risasi kikipita jicho la kwanza, saa inaanza, la pili, inasimama. Lakini Kibo kikijifunua na jua likapiga ubavuni, macho hayo husoma namba za ndotoni. Na jedwali la risasi lililopimwa Tanga usilipandishe mlimani: kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, hewa ni kama nusu ya ile ya pwani, na risasi hukawia kuchoka.

Naona mkono. Nimepima risasi ngapi? Swali la kitoto. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 inataka kibali. Kibali sina, bunduki sina. Gogo ninalo. Limening'inia miezi minane, kilo 8 kamili, na watoto wangu wamelifanya bembea.

Mwenye bunduki na kibali aniletee risasi moja. Mangi, rudisha kreti.