Jiko la Moshi Kidogo: Namna ya Kulichagua, na Namna Linavyokataa

Jiko katika Kiswahili ni kifaa cha kupikia. Ni chumba kinamokaa kifaa hicho. Na katika maneno ya mitaani ni mke, kwani mwanamume aliyeoa husemwa amevuta jiko. Maana zote tatu zina jambo moja: anayetoa pesa huingia akidhani atakuwa na usemi. Jiko linaloelezwa hapa ni lile la kwanza, hasa aina inayouzwa kwa sifa mbili: kwamba hutoa moshi kidogo, na kwamba hula kila kinachoungua, yaani kuni, mkaa, magunzi, vifuu, maranda na mkaa wa chenga. Kulichagua kuna hatua 6. Kaya nyingi huzipitia zote, ila huanza na ya tano, ambayo ni kulipa.

Kwa ajili ya maelezo, ichukuliwe kaya ya watu 6 iliyoko Tabata, Dar es Salaam: baba, mama, watoto watatu ambao mkubwa wao yuko kidato cha nne, na bibi aliyekuja kutoka Lushoto kukaa wiki mbili, na sasa anamaliza mwaka wa tatu. Baba hapiki. Ndiye mnunuzi.

Hatua ya kwanza ni kuujua moshi. Ukuni ukipata joto hauungui papo hapo. Hutoa kwanza maji yaliyomo ndani yake kama mvuke, kisha gesi. Gesi hizo zikikuta hewa ya kutosha mahali penye joto kali, huwaka na kuwa mwali. Zikikosa hewa au zikikosa joto, huondoka nusu mbichi, na huo ndio moshi. Moshi, basi, ni kibarua aliyelipwa asubuhi akatoroka kabla ya kushika jembe. Chembe zake ndogo kabisa, zisizozidi mikromita 2.5, hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, na wanaokaa karibu zaidi na mafiga ni akina mama na watoto wadogo. Katika kaya ya mfano elimu hii ilisomwa kwa sauti na mtoto wa kidato cha nne. Bibi alijibu kwamba moshi wa Lushoto haujamdhuru mtu yeyote, akakohoa, akaendelea kuchambua mchele.

Hatua ya pili ni kuijua nishati. Kilo 1 ya kuni kavu ina nishati ya takriban megajuli 17, mkaa karibu 30, na gesi ya mtungi karibu 45. Mkaa huonekana mstaarabu kwa sababu hautoi moshi mwingi, lakini ni kwa kuwa moshi wake umeachwa porini: katika tanuri la kienyeji huhitajika kilo 5 hadi 10 za kuni ili kupata kilo 1 ya mkaa. Mjini hufika ukiwa umeoga. Moto wa mkaa pia hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua. Jiko la mkaa haliingizwi katika chumba cha kulala kilichofungwa, hata Njombe, hata mwezi wa Julai. Katika jambo hili hakuna mzaha.

Mzaha unarudi wakati wa kuwasha. Mkaa hauwaki kwa kiberiti peke yake, hivyo kila kaya ina siri yake. Wapo wanaotumia vipande vya kuni, wapo wanaomimina mafuta ya taa, na wapo wanaotumia mifuko ya plastiki. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, lakini mingine bado inaishi kwa kujificha nyuma ya kabati la vyombo, ikitoka mmoja mmoja saa kumi na mbili jioni kwenda kuuawa. Moshi wa plastiki ni sumu, na jiko lolote linalowashwa kwa plastiki hupoteza haki ya kuitwa la moshi kidogo hata kama limeandikwa hivyo ubavuni.

Hatua ya tatu ni kuzijua aina za majiko, kwa kuwa kila aina ina tabia yake.

Mafiga matatu ndiyo jiko la zamani kuliko yote. Hula kila kitu, halina bei, halina vipuri, na joto lake jingi huenda kwa kila mtu aliyepo isipokuwa chungu. Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Walisisitiza umoja, hawakuzungumzia moshi.

Jiko la bati nje na kauri ndani lilienea Kenya katika miaka ya 1980, baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu vyanzo vipya vya nishati uliofanyika Nairobi mwaka 1981. Kiini chake kilitokana na jiko la ndoo la Thailand, na mafundi wa jua kali wakalipa kiuno chembamba. Kauri huzuia joto lisitoroke ubavuni, hivyo mkaa huliwa kidogo. Ni jiko zuri, lakini ni la mkaa. Likitiwa kuni, miali hukosa nafasi ya kuwaka hadi mwisho, hugonga kitako cha sufuria kikiwa bado baridi, na masizi yanayopatikana hapo hayatoki kwa sabuni wala kwa dua.

Jiko roketi, lililobuniwa na Mmarekani Larry Winiarski katika miaka ya 1980, lina njia ya moto iliyopinda kama kiwiko: kuni huingia kwa mbele, mwali hupanda bomba fupi lililozungushiwa kitu kinachohifadhi joto, na gesi huungua kabla ya kukifikia chungu. Kuni zake lazima ziwe nyembamba na kavu. Gogo zima likiingizwa, jiko huziba na kurudi kuwa figa lenye bei.

Jiko la gesi ya kuni huwashwa kwa juu, kama mshumaa. Moto hushuka polepole, gesi hupanda na kuwakia karibu na ukingo, na mwisho wake hubaki mkaa. Ni safi kweli, ila hujazwa mara moja tu, na katikati ya safari haliongezwi kuni. Jirani wa kaya ya mfano alilinunua akaanza kwa maharage. Jiko lilimaliza kazi yake kwa muda wa kama saa moja, kwa heshima, bila moshi. Maharage yalikuwa bado yanagonga sufuria. Chakula cha mchana kililiwa saa mbili usiku baada ya jiko kujazwa mara ya tatu, na tangu siku hiyo jiko hilo hutumika kwa chai.

Lipo pia jiko lenye feni ndogo inayopuliza hewa. Baadhi ya majiko hayo hugeuza sehemu ya joto kuwa umeme na huweza kuchaji simu. Mtoto wa kidato cha nne alilipendekeza hilo kwa hoja ndefu kuhusu afya ya mapafu. Mama aliipima hoja hiyo kwa swali moja: moto utawashwa hata pasipo na cha kupika? Hoja ilizimika.

Dohani si aina ya jiko bali nyongeza. Huutoa moshi chumbani na kuukabidhi kwa jirani. Mji wa London, wenye madohani yasiyohesabika, uliliona jambo hilo Desemba 1952, pale moshi wa makaa ya mawe ulipotanda juu ya mji kwa siku 5 na kuua maelfu ya watu. Mwaka 1956 Bunge la Uingereza likapitisha Sheria ya Hewa Safi. Tabata madohani ni machache, na kesi hizo huamuliwa kwa kurushiana maneno juu ya ukuta.

Jiko linalodai kula kila kitu hujaribu kuunganisha tabia hizi zote. Mkaa unataka bakuli fupi, chungu kikae karibu na makaa. Kuni zinataka urefu, mwali upate pa kuwakia. Kwa hiyo jiko la namna hiyo huwa na wavu wa kutolewa na kurudishwa, unaoyainua makaa juu, pamoja na kijilango cha hewa kwa chini. Mnunuzi aulize kama wavu huo unauzwa peke yake. Katika kaya ya mfano wavu ulitoweka siku ya tatu. Ulipatikana kwa kijana wa genge la jirani, ukichoma mishikaki, na ilibidi umalizie oda kwanza.

Hatua ya nne ni kusoma kipimo. Tangu mwaka 2018 kipo kiwango cha kimataifa cha kupima majiko katika maabara, ISO 19867-1, na matokeo yake hupangwa katika madaraja kuanzia 0 hadi 5 kwa kila kipengele: matumizi ya nishati, kaboni monoksaidi, chembe za moshi, usalama na uimara. Daraja 5 ndilo bora. Jiko moja huweza kupata 4 kwa nishati na 1 kwa moshi, na muuzaji mwerevu hutaja namba ya kwanza kisha hubadili mazungumzo. Ieleweke pia kwamba kipimo kilichozoeleka kwa miaka mingi ni cha kuchemsha maji. Maji hayana ukoko, hayamwagiki yakiachwa yachemke, na hayajawahi kumnunia mume. Jiko lililofaulu kwa maji bado halijakutana na makande.

Hatua ya tano ni kwenda kulinunua. Wanunuzi wengi hulinyanyua jiko kupima uzito, hulipiga kwa kidole kama tikiti maji, husikiliza mlio, kisha hutikisa kichwa kana kwamba wameelewa. Baba alifanya hivyo Gerezani, kwenye mafundi wa bati, akalichagua jiko roketi refu, jeusi, lenye mng'ao na wavu wa kutolewa. Kipimo alichokiacha ndicho kikubwa: kusonga. Ugali wa watu 6 husongwa kwa nguvu za mikono miwili, na jiko refu lenye kitako chembamba halistahimili. Siku ya kwanza mama alisonga, sufuria ikazunguka, jiko likaifuata, na mama naye akalazimika kulifuata jiko. Walifika mlangoni. Dawa ya tatizo hilo ni kitako kipana na vishikio vya sufuria. Mnunuzi aende dukani na sufuria yake na mwiko wake, asonge hewa mbele ya watu bila kuona haya. Ikishindikana, aende na mpishi, jambo ambalo ni rahisi zaidi na ndilo husahaulika zaidi.

Ukubwa nao una hesabu yake. Jiko kubwa kwa sufuria ndogo hupasha joto kuta. Jiko dogo kwa sufuria ya pilau ya maulidi huwapa wageni muda mrefu wa kufahamiana.

Hatua ya sita ni matumizi na utunzaji. Kuni zikatwe nyembamba na zianikwe hadi maji yaliyomo yawe chini ya asilimia 20 ya uzito. Ukuni mbichi huweza kuwa nusu yake ni maji, na kuuchoma ni sawa na kuchemsha maji yasiyoombwa na mtu. Masika zihifadhiwe juu, mahali pakavu. Majivu yatolewe kila siku ili matundu ya hewa yasizibe, na yasitupwe yakiwa moto kwenye ndoo ya plastiki, kwa sababu ambayo ndoo ya kaya ya mfano ingeieleza kama ingekuwepo.

Linalobaki ni kuhesabu majiko yote yaliyomo nyumbani. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na mtungi wa gesi umeshaingia katika nyumba nyingi za mjini. Lakini jiko jipya mara nyingi halilifukuzi la zamani. Huwa mke mwenza. Kaya ya mfano ina mtungi kwa chai ya asubuhi, jiko la mkaa kwa maharage, jiko la mchina la mafuta ya taa lisilo na utambi, na jiko roketi. Gesi huisha pilau ikiwa nusu, hapo mtungi hutikiswa na watu watatu kwa zamu, ingawa kuumwagia ubavuni maji ya moto kidogo kungetosha: sehemu itakayobaki baridi ndiyo yenye gesi. Siku hiyo mkaa hurudi kazini, na hewa ya nyumba nzima huwa chafu kwa kadiri ya jiko chafu kuliko yote lililowashwa.

Jiko roketi lilikaa wiki mbili nyuma ya mlango, likiwa limefunikwa kanga. Alilitoa bibi. Alilipeleka nje chini ya mwembe, akachimbia kitako chake inchi chache ardhini ili lisiyumbe, akakusanya magunzi kwa mama anayechoma mahindi pale kona, akayaanika juu ya bati siku tatu. Aliyaingiza mawili mawili, akiyasukuma kidogo kidogo kadiri yalivyoungua, kama alivyofanya Lushoto kabla ya maabara yoyote kujengwa. Mwali ulisimama wima. Moshi haukuonekana. Maharage yaliiva, na bibi hakukohoa.

Baba huwaeleza wageni kwamba jiko hilo alilichagua mwenyewe. Bibi husogeza gunzi.